Mtoto Mgeni, Lugha Mpya, na Kazi ya Kufundisha



Jina la Kirolirwe lenyewe ni somo. Wengine huliandika Kirolirwe, wengine Kilolirwe, wala hakuna apoteaye njia kwa sababu hiyo. Dereva atokaye Sake kwenda Kitshanga atakushusha mahali pale pale, uwe umetamka r au l. Lakini mpe mtoto mgeni asome darasani maneno "karamu ya arusi", naye atamke "kalamu ya arusi": wenzake watacheka mpaka mwalimu apige meza. Karamu ni chakula cha furaha. Kalamu ni ya kuandikia. Sauti moja imegeuza mfano wa Bwana wetu, na mtoto yule ataketi kimya siku nyingi, akiogopa kufungua kinywa tena.

Somo letu la leo lamhusu mtoto huyo. Twataka kujua inakuwaje kwamba mtoto aliyechekwa kwa ajili ya lugha, akikua, mara nyingi ndiye afundishaye wengine vizuri. Jambo hilo lina sababu zake, nazo zafaa kujulikana na kila mtu ajifunzaye dini, maana katekumeni naye ni mtu aliyeingia katika nyumba yenye maneno mapya.

Watoto walioletwa Gishari

Wazee wajua habari hii, lakini vijana wengi huisikia nusu nusu, tena mara nyingi kwa hasira. Masisi tangu zamani ni nchi ya Wahunde, kama Walikale ilivyo nchi ya Wanyanga na jirani zao. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianzisha shirika maalumu la kuwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta Kivu. Rwanda ilikuwa na watu wengi juu ya vilima vichache, na njaa ilikwisha kuwapiga mara kadha. Tena mashamba ya Wazungu huku Kivu yalihitaji watu wa kazi. Wahamiaji wa kwanza walipewa Gishari, hapa hapa Masisi. Njaa kubwa ya miaka ya 1943 na 1944, ambayo Wanyarwanda huiita Ruzagayura, iliwafanya wengine wengi watafute mahali pa kuishi. Uhamisho uliendelea hata kufika mwaka 1955, na hukadiriwa kwamba waliohamishwa walizidi 80,000. Uamuzi ulikuwa wa serikali. Wahunde, wenye nchi, walibaki na uchungu. Wahamiaji nao walibaki na wasiwasi wa mtu aliyewekwa mahali kwa mkono wa mwingine. Mambo hayo yana somo lake siku nyingine. Leo tuwatazame watoto tu.

Mtoto wa miaka saba au minane aliyetoka Rwanda alikuwa na Kinyarwanda peke yake. Alipofika alikuta Kihunde kwa majirani, na Kiswahili sokoni, barabarani na kanisani. Neno moja kubwa alilijua tayari. Nchini Rwanda, kwa miaka mingi, wamisionari Wakatoliki walifundisha katekisimu kwa kutumia neno Mungu, wakaliacha neno la wenyeji, Imana. Na hata leo Roho Mtakatifu huitwa huko Roho Mutagatifu, yaani Kiswahili kimekaa ndani ya sala za Kinyarwanda kama mgeni aliyezoewa. Basi mtoto yule hakujua kuomba chumvi kwa Kiswahili, lakini jina la Mungu alilijua. Napenda kulikumbuka jambo hili, ila tusilitie uzito kupita kiasi: mtoto mwenye njaa ahitaji na neno la chumvi.

Maneno yaliyofanana yalimsaidia. Kinyarwanda, Kihunde na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja. Mtu kwa Kinyarwanda ni umuntu, kwa Kihunde ni mundu. Tatu ni gatatu, kumi ni icumi. Kusoma ni gusoma, kitabu ni igitabo. Ndiyo maana mtoto wa Kinyarwanda husema "gitabu" wala hafanyi mzaha: katika lugha yake sauti ya k hulegea ikawa g mbele ya t, mbele ya s na mbele ya sauti nyingine za jamii hiyo. Mambo ya r na l ni vivyo hivyo. Lugha yake haikumfundisha kuzitenga kama Kiswahili kinavyozitenga. Hayo si ujinga. Ni sheria ya lugha ya mama yake, naye aitii kwa uaminifu kama mtoto mwema. Mwenye kumcheka hajui kwamba yeye mwenyewe, akienda kuongea Kinyarwanda, atachekwa vile vile.

Mti ulio dawa

Lakini ndugu wa ukoo mmoja huweza kudanganyana. Kwa Kinyarwanda umuti ni dawa. Mti wenyewe huitwa igiti. Sasa mwalimu asimulia habari za Adamu na Eva, na mti uliokuwa katikati ya bustani, ambao Mungu aliwakataza wasile matunda yake. Mtoto mgeni asikia nini? Asikia kwamba Mungu aliwakataza dawa. Aenda nyumbani akijiuliza: Kwa nini Baba mwema awanyime watoto wake dawa? Swali hilo ni la akili kabisa. Mwalimu asiyejua lugha ya mtoto atasema, "Huyu hakusikiliza." Kumbe amesikiliza kuliko wote!

Tena kuna neno ejo. Kwa Kinyarwanda ejo ni jana, na ejo ni kesho. Ni kitendo kisemwacho ndicho kionyeshacho kama siku imekwisha pita au bado yaja. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo mbali kabisa. Mtoto aliyezoea neno moja aambiwa "Ulete karo kesho", naye abaki akipima: ni siku ipi? Na neno imbuto, ambalo ni mbegu na pia ni tunda. Katika mfano wa mpanzi, Kiswahili husema mbegu ilianguka penye udongo mwema ikazaa matunda. Mtoto atafsiri moyoni mwake: imbuto imezaa imbuto. Wala hakukosa sana! Mbegu ya harage si ndiyo harage lenyewe? Mkulima wa Masisi atoaye maharage ghalani, mengine ya kupika na mengine ya kupanda, amuelewa mtoto huyu upesi kuliko mtu wa mjini.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mtoto mwenye lugha moja tu hudhani kwamba neno na kitu ni kimoja. Mti ni mti, basi. Hakupata kuona jina likitengwa na kitu chake. Lakini mtoto aliyehama aliona siku moja kwamba kitu kile kile, mti ule ule nyuma ya nyumba, umeitwa jina jingine na majirani, wala haukukauka. Tangu siku hiyo ajua kwamba neno ni kama kibuyu, na maziwa ni kitu kingine. Akisikia neno asilolijua, haridhiki kulikariri. Atafuta maziwa yaliyomo ndani. Akiwa mwalimu, atafanya hivyo hivyo kwa wanafunzi wake: hatawapa kibuyu kitupu.

Walimu wengi wa dini wamelalamika tangu zamani kwamba wakatekumeni hukariri majibu ya katekisimu kama kasuku. Muulize mtu, "Neema ni nini?" Atajibu upesi, bila kosa hata moja. Muulize tena kwa maneno mengine, atanyamaza. Ni nani atakayeitambua hali hiyo mapema? Ni yule aliyewahi kuikaa mwenyewe: aliyewahi kusimama mbele ya watu akisema maneno mazuri ya lugha ngeni asiyajue maana. Ajua sura ya mtu anayeitikia "ndiyo" kwa sababu ya aibu. Mwalimu aliyezaliwa ndani ya lugha haijui sura hiyo, isipokuwa amefundishwa kuitazama.

Mkalimani mdogo

Kuna jambo jingine lililowapata watoto wa wahamiaji, nalo huwapata hata leo watoto wa wakimbizi popote walipo. Mtoto hujifunza lugha upesi kuliko wazazi wake. Hucheza, huchunga ng'ombe pamoja na wenzake, hugombana na kupatana. Katika miezi michache masikio yake yamefunguka. Mama yuko shambani pamoja na watu wa kwao, na lugha mpya haimfikii. Basi siku ya kwenda kwa mganga, mtoto ndiye asemaye. Siku ya kwenda barazani kwa mkubwa wa kijiji, mtoto ndiye asemaye. Baba mwenye ndevu asimama nyuma ya mwanawe wa miaka kumi, akingoja kuambiwa yaliyosemwa.

Hapo pana hatari mbili. Moja ni ya mtoto kujivuna na kuwadharau wazazi, akidhani kwamba asiyejua Kiswahili hana akili. Amri ya nne yamhusu sana mkalimani mdogo. Ya pili ni ya mtoto kubebeshwa maneno mazito mno kwa umri wake: ugonjwa wa mama yake, deni la baba yake. Watu wazima wakiweza kupata mkalimani mtu mzima, na wampate.

Pamoja na hayo, tazama mtoto amejifunza nini katika kazi ile. Amejifunza kusikiliza sentensi nzima kabla ya kusema. Amejifunza kuuliza, "Una maana gani?" pasipo kuona haya. Amejifunza kupima uso wa mama yake kama ameelewa, na asipoelewa, kutafuta njia nyingine: kwa mfano, kwa kuonyesha kwa mkono, kwa neno rahisi zaidi. Hakuna chuo kilichomfundisha, naye amekwisha fanya kazi ya ualimu miaka mingi kabla ya kushika chaki. Nadhani ndiyo sababu watu wa namna hii, wakiulizwa walianza lini kutamani kufundisha, husita kujibu.

Yosefu, na watu wa kivukoni

Maandiko Matakatifu yatuonyesha kijana wa namna hiyo. Yosefu alikuwa na miaka kumi na saba ndugu zake walipomuuza. Akapelekwa Misri, nchi ya lugha nyingine, akajifunza lugha hiyo katika utumwa na kifungoni. Miaka mingi baadaye ndugu zake walikuja kununua nafaka, wakasema kwa lugha yao mbele yake, wala hawakujua kwamba asikia, kwa maana alitumia mkalimani. Yosefu aligeuka akalia. Lakini siku aliyotaka kujulisha moyo wake, aliwatoa watu wote nje, na pamoja nao mkalimani, akawaambia wasikie kwamba ni kinywa chake mwenyewe kinachosema nao. Fikirini: lugha ya Misri ilimpa mamlaka na nafasi ya kuwalisha watu, na lugha ya nyumbani ilimpa ndugu zake. Alihitaji zote mbili, naye hakuitupa hata moja.

Kuna habari nyingine isiyosomwa mara nyingi, kwa kuwa inatisha. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walikamata vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi. Watu wa Efraimu hawakuweza sauti ile ya mwanzo, wakasema Sibolethi, na waliposema hivyo waliuawa. Maandiko yataja watu 42,000. Walikuwa wana wa Israeli, waliuawa na wana wa Israeli wenzao, kwa sauti moja tu.

Ndugu zangu, sisi wa nchi hii hatuna haja ya kuelezwa habari hiyo. Mwaka 1993 mapigano yalianza Ntoto katika Walikale yakaenea Masisi, na jirani akamuuliza jirani yake asili yake. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda wakaingia Kivu, na tangu hapo vita vimekuja na kurudi. Katika miaka hiyo watu wamesikilizwa r yao na l yao njiani. Kwa hiyo kicheko cha darasani si jambo dogo la watoto. Mtoto anayefundishwa kumcheka mwenzake kwa sauti ya ulimi wake amefundishwa hatua ya kwanza ya kivuko kile. Mwalimu akinyamaza, naye amefundisha.

Siku ya Pentekoste mambo yalikwenda kinyume. Wageni waliokuwa Yerusalemu hawakuambiwa wajifunze kwanza Kigalilaya. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Petro mwenyewe, siku hamsini tu zilizopita, alitambulikana katika ua wa kuhani mkuu kwa matamshi yake ya Galilaya, akaogopa, akakana. Sasa asimama mbele ya watu kwa matamshi yale yale, akafundisha.

Mchungaji aliyerudi

Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, katika kisiwa cha Uingereza, alikuwako kijana jina lake Patrick. Baba yake alikuwa shemasi, naye mwenyewe, kama alivyoandika uzeeni, hakujali dini sana. Alipokaribia miaka kumi na sita watekaji walikuja kwa mashua, wakamchukua pamoja na maelfu ya wengine mpaka Ireland. Huko alichunga mifugo muda wa miaka sita. Wachungaji wa Masisi wanijue ninasema nini: mvua, ukungu, baridi ya alfajiri, na mnyama aliyepotea. Alisali mchana na usiku juu ya milima. Na kila siku masikio yake yalijazwa lugha ya wenye kumtumikisha.

Akatoroka, akatembea mbali mpaka pwani, akapata mashua, akarudi kwao kwa wazazi, nao walimsihi asiwaache tena. Angeweza kukaa. Lakini usiku mmoja katika ndoto aliona mtu aliyeleta barua kutoka Ireland, na alipoanza kuisoma alidhani asikia sauti za watu wa nchi ile, walio karibu na msitu kando ya bahari ya magharibi, wakimwita kijana, wakimwomba aje atembee tena kati yao. Alikuwa mtu mzima sasa, nao wamwita kijana! Walimkumbuka kama alivyokuwa alipojifunza lugha yao. Moyo wake ulichomwa, hakuweza kuendelea kusoma. Akawa padri, akawa askofu, akarudi kuwafundisha watu waliomfanya mtumwa. Kanisa humkumbuka tarehe 17 Machi.

Jambo moja katika maandishi yake lafaa sana kwa somo hili. Patrick alipoandika habari za maisha yake kwa Kilatini aliona haya. Alisema kwamba wengine walisoma tangu utoto bila kubadili lugha, lakini usemi wake yeye ulikuwa umegeuzwa na kuingia katika lugha ngeni. Alijua kwamba wenye elimu wangeweza kumcheka. Kumbe lile lililokuwa upungufu mbele ya wenye elimu ndilo lililomfaa mbele ya wachungaji wa Ireland. Wenye Kilatini kizuri walikuwa wengi. Mtu aliyejua jinsi ya kumwambia Mwairlandi habari za Mungu kwa maneno ya malishoni alikuwa yeye.

Karibu nasi zaidi ni Adrian Atiman. Alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na Timbuktu, akakamatwa na wauza watumwa akiwa mtoto mdogo, akakombolewa na Mapadri Weupe, akalelewa Algeria, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa Tanganyika. Alikuwa mganga na katekista huko mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 katika kazi moja. Hesabuni mwenyewe ni mara ngapi mtu huyo alianza upya kama mtoto asiyejua kuomba maji: penye jangwa, penye shule, penye kisiwa, penye ziwa. Mgonjwa aliyekuja Karema bila kujua la kusema alimkuta mganga aliyeielewa hali hiyo.

Katika kitabu cha Kutoka, Mungu awaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni, na sababu anayowapa ni kwamba wao waijua roho ya mgeni, kwa kuwa walikuwa wageni Misri. Angalieni vema: hawaambii tu wamhurumie. Asema wanajua. Ugeni umehesabiwa kuwa ni elimu.

Lugha ya mama isitupwe

Wengine watauliza: Je, mtoto akipewa lugha mpya, ya kwanza si itakufa? Yaweza kufa. Mtakatifu Josephine Bakhita, aliyetekwa Darfur akiwa mtoto, alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake; Bakhita ni jina la watekaji. Lakini kilichomnyang'anya ni utumwa na hofu, wala si kujifunza. Mtoto asiyetishwa huweza kubeba lugha mbili, na hata tatu, kama mnavyoona kila siku ya soko hapa Masisi. Sheria ya elimu ya nchi yetu ya mwaka 2014 nayo yakubali kwamba mtoto aanze shule kwa lugha ya taifa au lugha ya mahali pake, kisha apande kwenda Kifaransa. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Sheria ni njema. Kazi ni kupata mwalimu awezaye kuitenda.

Tena lugha yenyewe tunayosalia imejaa wahamiaji. Imani, sala, neema na msalaba yalitoka Uarabuni. Padri na meza yaliletwa na Wareno. Sakramenti ni Kilatini. Hakuna awaulizaye maneno hayo kwao ni wapi.

Na mambo yamegeuka. Watoto wa Masisi nao wamekuwa wageni kwa watu. Mwaka 1996 kambi ya Kiziba ilifunguliwa magharibi ya Rwanda kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, wengi wao kutoka Kivu ya Kaskazini. Waliingia wakiwa na Kifaransa cha shule zetu. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza, nao wakalazimika kuanza tena. Wengine walikimbilia Uganda, katika makazi ya Rwamwanja yaliyofunguliwa kwa Wakongo mwaka 2012, wakakuta Kiingereza darasani na lugha nyingine sokoni. Mjukuu wa aliyechekwa Gishari, na mjukuu wa aliyemcheka, wameketi huko katika benchi moja, wote wawili wakitamka vibaya.

Kazi ya juma hili

Katika kila kundi la wakatekumeni wa Kirolirwe na vijiji vya jirani yumo mtu aliyejifunza Kiswahili akiwa mtoto mgeni. Labda ni mama aketiye nyuma. Labda ni kijana aliyerudi kutoka kambini mwaka huu. Mara nyingi hujificha, akidhani matamshi yake hayafai kusikiwa kanisani. Mwalimu wa kundi na amwombe, kwa heshima na si kwa amri, asaidie kumfundisha mtu mmoja tu aliyekuja nyuma yake. Asipewe darasa zima mara moja. Na apewe sala moja fupi, au mfano mmoja wa Injili.

Naye atakayefundisha aanze kwa kitu, ndipo alete neno. Akifundisha ubatizo, maji yawepo katika bakuli. Akifundisha habari za mpanzi, ashike mbegu mkononi na aonyeshe tunda. Amwache mwanafunzi aseme kwanza kwa lugha yake, kisha walitafute neno la Kiswahili pamoja. Mwanafunzi akisema "kalamu" mahali pa "karamu", mwalimu alirudie neno lililo sawa katika sentensi yake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, aendelee mbele. Asimsimamishe mbele ya watu. Na wanaocheka wapewe kazi ya kumhesabia mwenzao mpaka kumi kwa lugha ya kwao huyo mwenzao. Kicheko kitapungua kabla ya kufika tano.

Maswali ya kuzungumza katika kundi: Ni neno gani la dini ulilikariri zamani, nawe hukujua maana yake? Ni nani aliyekueleza hatimaye, naye alitumia mfano gani? Nyumbani kwako ni nani huwasemea wengine mbele ya wakubwa, na je, kazi hiyo yamfaa kwa umri wake? Neno gani la lugha ya mama yako halina neno moja lililo sawasawa nalo kwa Kiswahili, nawe ungelielezaje kwa mtoto aliyefika jana?